Bwawa Lililokatazwa Kufika Kumi

Kwanza kabisa, pongezi. Katika nchi yetu mtu hafungui mdomo kabla ya kutoa pongezi, hata kama anaomba maji ya kunywa, hata kama anazama. Basi nampongeza Kiongozi, nampongeza Waziri, na nawapongeza wote walio chini ya Waziri kwa namna walivyopangiwa viti vyao. Jina la nchi sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na afisa wa vibali amekwenda semina.

Mimi naitwa Ngwali, na kwa miaka mingi nilikuwa Mpiga Makofi wa Serikali. Usicheke. Ilikuwa kazi yenye mshahara, sare na likizo. Kiongozi alipigiwa makofi ya mvua, Waziri makofi mazito, na mkurugenzi alipigiwa kwa vidole viwili juu ya kiganja, ili asijisahau. Hakuna kikao kilichoanza bila mimi, na ndiyo maana niliyasikia yote nitakayoyasema. Watu wakitaka kusema siri humtoa nje karani, humtoa nje mlinzi, lakini mpiga makofi hawamtoi. Wanamwona kama feni.

Sasa, nchi yetu ina bwawa. Linaitwa Fahari ya Taifa, na chini yake kuna bonde la Mkwiza, lenye watu wengi, mihogo mingi na umeme haba. Watu wa Mkwiza walikuwa na tabia mbaya ya kuogopa kufa. Kila masika walilalamika kwamba siku bwawa likifurika litawakuta kitandani. Waziri wa Maji, Mheshimiwa Dakta Mlekwa, akachoshwa na kelele zao, akasimama bungeni, akakohoa kidogo kusafisha koo, akasema, "Natamka rasmi kwamba maji ya bwawa hili hayatafika mita kumi!"

Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wabunge wakagonga meza. Maji hayakuwepo bungeni siku hiyo, kwa hiyo hayakusikia.

Hata hivyo wafadhili walikuwa wameshaahidi king'ora cha kompyuta, na nchi yetu haikatai kitu chenye uzinduzi. Kifaa kingesoma kina cha maji bwawani, programu ingepeleka habari, na maji yakifika mita kumi king'ora kingelia bonde zima ili watu wapande mlimani. Kwa nini kumi? Kwa sababu Waziri alishasema kumi haitafika, na kwa hiyo king'ora hakitamsumbua mtu. Huo ndio uongozi unaoona mbali.

Aliyeajiriwa kuipima programu hiyo kabla haijawafikia watu alikuwa binti mmoja, Mwanaidi Shekoloa. Alizaliwa hukohuko Mkwiza, na mama yake, Bi Hadia, alikuwa bado anaishi kule, nyumba ya pili kutoka mtoni. Lishike hilo. Serikali haikulishika.

* * *

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuchagua Zana za Kupimia Programu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kipanga, Mkurugenzi wa Itifaki, mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta lakini alijua vizuri mahali inapotakiwa kukaa mezani ukilinganisha na maua. Mwanaidi akaitwa aeleze.

"Waheshimiwa," akasema, "programu hupimwa kwa ngazi. Unaanza na kipande kimoja kimoja, kila kimoja peke yake. Halafu unaviunganisha, uone kama vinasikilizana. Kisha unapima mfumo mzima, kutoka kwenye maji mpaka kwenye king'ora. Mwisho, mwananchi atakayeutumia aseme mwenyewe kama unamfaa. Kila ngazi ina zana yake inayoiweza. Kwa vipande napendekeza Chembe, maana ni nyepesi na inajibu papo hapo. Kwa viungo kuna Fundo. Kwa mfumo mzima kuna Mkondo, ni nzito na inakwenda polepole, lakini inapita njia yote mwanzo mpaka mwisho."

Kipanga akavua miwani. "Subiri. Unataka tuanze na kipande?"

"Ndiyo, mzee."

"Kidogo kitangulie, kikubwa kifuate?"

"Ndiyo. Ubovu ukiuona ukiwa kwenye kipande unaurekebisha upesi. Mchele huchambuliwa kabla ya kupikwa, mzee. Ukishaiva, mawe utayajulia kwenye jino."

"Mnamsikia?" Kipanga akawageukia wajumbe. "Anasema serikali ina mawe."

"Sijasema hivyo, mzee."

"Binti, umeolewa?"

"Hapana."

"Ndiyo maana," akasema mjumbe mmoja, na wengine wakatikisa vichwa kama watu waliopata dawa.

Itifaki ya nchi yetu ni moja tu: kikubwa hutangulia. Ukija msibani, mkubwa analia kwanza, wafiwa baadaye. Hospitali yetu mpya ilifunguliwa bango kwanza, kisha ukumbi wa wageni mashuhuri, na vitanda bado vinasubiriwa. Kumwambia Kipanga aanze na kipande ilikuwa sawa na kumwambia avae soksi juu ya viatu.

Basi wajumbe wakagawanyika. Wengine wakawa watu wa Chembe na wengine wakawa watu wa Mkondo, na jamani, chuki iliyozuka humo ndani sijaiona hata kwenye mirathi. Watu wa Chembe waliwaita wenzao mafuriko ya ujinga. Watu wa Mkondo wakajibu kwamba Chembe ni zana ya watu waliolelewa kwa uji bila sukari. Mjumbe mmoja akamrushia mwenzake chupa ya maji, tena haijafunguliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameziona zana zenyewe. Mwanaidi alijaribu kuwaambia kwamba hazigombani, kwamba kila moja ina ngazi yake, kwamba huchagui kati ya sindano na jembe. Akaambiwa anyamaze, wazalendo wanajadiliana.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Bwana Tindwa, mfanyabiashara, shemeji yake Waziri. Alinukia marashi hata kabla hajaingia. Kampuni yake ndiyo iliyoitunga programu ya king'ora, na sasa, kwa moyo wa kujitolea, alikuwa ameleta na zana ya kuipimia.

"Inaitwa Hewala," akasema. "Inapima ngazi zote kwa mpigo mmoja."

Wote wakatulia. Mwanaidi akauliza, "Inapimaje, kaka?"

"Inaiuliza programu, 'U mzima?' Programu ikisema ndiyo, imefaulu. Kioo kinakuwa kijani."

"Na ikisema hapana?"

Tindwa akamtazama kwa huruma. "Dada, zana yangu haina sehemu hiyo. Hewala haigombi."

Hapo nikapewa ishara nikapiga makofi mazito. Kilichowafurahisha zaidi ni rangi. Chembe, Fundo na Mkondo, zote zikikuta kosa hugeuza kioo kuwa chekundu, na nyekundu katika nchi yetu ni marufuku tangu wapinzani walipoishonea fulana. Kwetu nyanya huuzwa mbichi, na mtu akijikata kisu anatakiwa ageukie ukutani mpaka damu ikome. Hewala ikapitishwa bila kupingwa, na wajumbe waliorushiana chupa wakakumbatiana na kwenda kula.

* * *

Mwanaidi hakwenda kula. Alirudi mezani kwake mchana ule ule, akaiweka Chembe kwenye kompyuta yake mwenyewe, akachukua kile kipande cha programu kinachosoma kina cha maji. Akakipa saba, kikasema saba. Akakipa tisa, kikasema tisa. Akakipa kumi. Kikasema sufuri.

Akarudia. Sufuri. Akakipa kumi na moja, kikasema moja. Kioo kikawa chekundu, akakiziba haraka kwa mtandio wake, kisha akakimbia nacho hadi kwa Waziri. Na mimi nilikuwapo, nimesimama kando ya pazia, maana Waziri alikuwa na desturi ya kupigiwa makofi kidogo baada ya usingizi wa mchana.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Sema."

"Mheshimiwa, kipande kinachosoma maji kina kosa. Wametenga nafasi ya tarakimu moja tu. Maji yakifika mita kumi, programu itaona sufuri. King'ora hakitalia kamwe."

Tindwa alikuwa amekaa pembeni akinywa soda. Hata hakushtuka. "Si kosa hilo," akasema. "Shemeji alitamka kumi haitafika. Vijana wangu wametunga programu kwa kufuata tamko la serikali. Ulitaka tutenge nafasi ya kumi tuonekane hatuna imani?"

Waziri akavimba kwa furaha. Kisha akamgeukia Mwanaidi, na furaha ikaisha usoni. "Nani alikutuma uandike kumi?"

"Kumi ndiyo inayotakiwa kuliza king'ora, Mheshimiwa."

"Mimi nimetamka kumi haipo! Sasa wewe unapima nini hapo, programu au mimi?"

"Programu, Mheshimiwa."

"Programu inanitii. Wewe hunitii. Kati yenu wawili nani mbovu?"

Mwanaidi akasema, "Mheshimiwa, mama yangu anakaa Mkwiza."

"Hongera zake," akasema Waziri. "Ana bahati ya kukaa kwenye bonde lenye tamko."

Akaamriwa arudie kupima kwa namba zilizoidhinishwa, yaani moja hadi tisa, na kwa zana iliyoidhinishwa. Hewala ikaiuliza programu kama ni nzima, programu ikasema ndiyo, kioo kikawa kijani kama shamba la serikali kwenye kalenda. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikapiga makofi. Mwanaidi akanitazama nikipiga, na lile jicho lake sikulipenda, nalihisi hata leo.

* * *

Ngazi ya viungo nayo ilikuwa na mkasa wake. Programu ya maji ilikuwa mali ya Wizara ya Maji, na king'ora chenyewe kilikuwa mali ya Wizara ya Sauti. Mawaziri hawa wawili walikuwa hawasemezani. Waligombania kiti kilicho karibu na feni kwenye arobaini ya mtu, na tangu siku hiyo hakuna barua iliyovuka ua kati ya wizara zao. Kuunganisha vipande vyao kungehesabiwa kuwa ni kusalimiana.

Mwanaidi akawaambia, "Basi angalau kwa sasa kila wizara itumie kibadala. Programu ya maji ipewe king'ora cha bandia cha kuzungumza nacho, mpaka siku mtakapopatana. Lakini ni kwa muda tu, wazee wangu. Mwanasesere wa matambara humfundisha msichana kubeba mtoto, ila mwanasesere haugui homa."

Wakakichukua kibadala na kuliacha neno "muda". Tindwa akatengeneza king'ora cha bandia chenye jibu moja: "Nimesikia, nalia." Kule Wizara ya Sauti akatengeneza maji ya bandia yenye salamu moja: "Tumetulia." Kila wizara ikapimwa chumbani kwake, mlango umefungwa, ikizungumza na bandia wa mwenzake, na kila moja ikafaulu. Mheshimiwa Mlekwa akatoa hotuba akasema muungano imara ni ule ambao pande zake hazijawahi kukutana. Makofi.

* * *

Ikabaki ngazi ya tatu, mfumo mzima. Kwa mujibu wa itifaki, kitu kizima hakiwezi kupimwa na mtu mdogo. Kitapimwa na Kiongozi mwenyewe, kwa kukizindua. Kitufe kikapakwa rangi ya dhahabu, kikawekwa juu ya mto wa mahameli, na msafara ukateremka Mkwiza.

Sisi wapiga makofi tulifika mapema. Bi Hadia, mama yake Mwanaidi, alituona tumekaa juani akatuita barazani kwake, akatupa mihogo ya nazi. Mama mdogo wa umbo, mcheshi, ana kanga moja nzuri na alikuwa ameivaa. Kila jirani aliyepita alimwita. "Njoo, njoo! Leo ndiyo siku ya king'ora cha mwanangu. Mwanaidi ndiye aliyekitengeneza, wasikudanganye hawa wenye tai!"

Kiongozi akabonyeza kitufe. King'ora kikalia, loo, kikalia hasa, kuku wakaruka juu ya mapaa. Watu wakashangilia. Mimi kutoka pale nilipokuwa nililiona gari la zimamoto nyuma ya turubai, na dereva ameweka kidole kwenye kengele yake huku anakula karanga. Kitufe cha dhahabu hakikuwa na hata waya.

Mwanaidi alikuja barazani baada ya msafara kuondoka. Hakuwa hata amekaa.

"Mama, funga nguo zako. Njoo ukae na mimi mjini masika haya."

"Mjini nikafanye nini, nihesabu magari?"

"Mama, king'ora kile si kizima."

"Shh!" Bi Hadia akatazama huku na huku kama mtoto wake ametukana. "Usijishushe, mwanangu. Nimekisikia kwa masikio yangu mawili."

"Ulisikia gari la zimamoto, mama! Lilikuwa nyuma ya turubai. Muulize mzee huyu." Akaninyooshea mimi kidole.

Nilikuwa na muhogo mdomoni. Kulikuwa na afisa wa usalama amesimama mlangoni. Nikautafuna ule muhogo kwa muda mrefu sana.

Bi Hadia akacheka, akamfuta mwanawe vumbi begani. "Tangu utotoni hupendi kusifiwa wewe. Ulishika namba ya kwanza ukarudi unalia kwamba maswali yalikuwa mepesi. Sikiliza, mama. Bonde zima limejua king'ora hiki ni chako. Sasa mimi mzazi wako niwe wa kwanza kukimbia? Watu watanionaje? Watakuonaje wewe?"

"Wanione wanavyotaka, mama, ilimradi uhame!"

"Kikilia nitapanda mlima mbele ya wote. Nakuahidi. Kikilia."

Mwanaidi alimshika mama yake mikono miwili. Dereva wa wizara alikuwa anapiga honi.

* * *

Masika yalipokuja yalikuja kwa ghadhabu. Asubuhi moja tukaitwa Chumba cha Uangalizi huko mjini, Waziri, Kipanga, Tindwa, Mwanaidi na mimi, tutazame mfumo ukifanya kazi. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa cha kijani na namba moja katikati. Ilikuwa nane. Chai ikaletwa. Ikawa tisa.

"Mheshimiwa," Mwanaidi akasimama, "tuwatangazie watu wa Mkwiza wapande sasa hivi. Nawaomba. Tutangaze kwa redio tu."

"Hiyo ni rangi gani?" Waziri akauliza.

"Kijani, lakini..."

"Kaa chini."

Tukanywa chai. Ile tisa ikatikisika, ikapotea, ikaja sufuri. Mwanaidi akaweka mikono kichwani, na kabla hajapata pumzi Kipanga akaruka kutoka kitini. "Mheshimiwa! Bwawa limekauka!"

Wallahi sitii chumvi. Watu wazima wenye shahada walitazama mvua dirishani, wakatazama sufuri ukutani, wakaamini sufuri. Waziri akapandisha hasira. "Nilijua tu! Watu wa Mkwiza wananiibia maji! Tangazeni ukame!"

"Ni kumi!" Mwanaidi alikuwa anapiga kelele sasa. "Sufuri hiyo ni kumi! Niliwaambia! Bwawa limejaa!"

"Mzimeni sauti," akasema Kipanga.

Redio ikatangaza. Nilikuwa nimesimama karibu yake na maneno nayakumbuka: bwawa limekauka ghafla, wananchi wa Mkwiza wasitaharuki, kila mwenye ndoo ashuke mtoni mara moja akachote kilichobaki. Nikaambiwa nipige makofi kwa kasi ya serikali katika kukabiliana na ukame. Nje mvua ilikuwa inapiga bati mpaka makofi yangu hayasikiki.

Mwanaidi akampigia mama yake simu. Akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu, na sote tukasikia.

"Mama! Uko wapi?"

"Nateremka mtoni, mwanangu. Redio inasema maji yamekwisha. Nawahi ndoo moja ya kupikia."

"Rudi, mama! Panda mlima! Maji yanakuja!"

"Mbona king'ora hakijalia?"

"Hakitalia! Mama, nakuambia hakitalia!"

"Usiseme hivyo mbele ya wakubwa zako," sauti ikasema kwa upole, "watakufukuza kazi. Ingekuwa kuna hatari kingelia. Si wewe uliyekitengeneza?"

Mwanaidi akaiacha simu, akakimbilia kabati la vioo ambamo kile kitufe cha dhahabu kilikuwa kimehifadhiwa kwa heshima. Akalivunja kwa kiwiko. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena na tena kwa kiganja, kwa ngumi, analia, anamwita mama yake. Hakuna kilicholia. Gari la zimamoto lilikuwa gereji.

Damu ilikuwa inamtiririka mkononi. Kipanga akamwambia ageukie ukutani.

Pale mezani, simu ilituletea mlio mzito, kama lori linamwaga kokoto, na ndani yake sauti ya Bi Hadia ikisema, "Mwana..." Halafu hakuna kitu. Ukutani, kijani.

Roho iliniuma, na nitasema wazi, niliwachukia. Niliwachukia kwa chai yao na vikombe vyao. Mikono yangu niliishikilia nyuma isije ikafanya kitu kisichokuwa kwenye sare.

* * *

Sasa nitoe pongezi tena, maana serikali haikukaa kimya. Baada ya maziko ya wale walioonekana, Waziri Mlekwa aliitisha mkutano ukumbi mkubwa. Bi Hadia hakuwa miongoni mwa walioonekana. Tope lilikuwa limelala juu ya nyumba zote za karibu na mto, na trekta la kuchimbulia lilikuwa linasubiri kuzinduliwa.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema, "kama mnavyojua, programu hupimwa kwa ngazi. Ya kwanza tulifaulu. Ya pili tulifaulu. Ya tatu ilifaulishwa na Kiongozi mwenyewe. Yaliyotokea Mkwiza yalikuwa ngazi ya nne, ambapo mwananchi anayeutumia mfumo anasema mwenyewe kama unamfaa. Leo tumekuja kumsikiliza mtumiaji. Mwenye malalamiko asimame."

Ukumbi wote ukasimama. Watu waliofungwa bandeji, watu wasio na viatu.

"Mmoja mmoja," akasema Kipanga. "Wewe mzee."

"Mimi niliuona mto umegeuka rangi," akasema yule mzee. "Nikaizima redio, nikachukua wajukuu nikapanda mlima. King'ora hakikulia!"

"Ulipanda kabla hakijalia?"

"Ningengoja nini?"

Waziri akatabasamu. "Basi hukuutumia mfumo, mzee wangu. Mfumo unasema subiri king'ora, kikilia panda. Wewe ulipanda kwa macho yako. Lalamikia macho yako. Kaa chini."

Akaja mwingine, naye alipanda baada ya kuona ng'ombe wanakimbia. Akaambiwa akalalamike kwa ng'ombe. Mmoja baada ya mwingine wakakalishwa, kwa sababu kila aliyekuwa hai ukumbini alikuwa hai kwa kutousubiri mfumo. Waliousubiri kwa uaminifu, Waziri akasema, ndio watumiaji halali, na mpaka dakika hiyo hakuna hata mmoja kati yao aliyeleta lalamiko. Tindwa akafungua kompyuta yake, akaiunganisha na kioo cha ukutani. Hewala ilikuwa tayari.

Mwanaidi akatoka nyuma ya ukumbi. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Hakutoa pongezi.

"Mama yangu aliusubiri," akasema.

Waziri akafurahi kweli, unaweza kuamini? Akapiga meza kidogo. "Ala! Huyo sasa ndiye mtumiaji! Na ana malalamiko?"

"Anayo."

"Haya. Lakini utaratibu unajulikana, binti, na wewe ndiye uliyetufundisha. Ulisema ngazi ya nne mwananchi aseme mwenyewe. Hatuwezi kupokea ya kuletewa. Mwambie mama aje mwenyewe."

Mwanaidi akamsogelea mpaka meza ikamzuia.

"Mlisema king'ora kikilia watu wote wa Mkwiza watapanda juu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Aliniahidi hivyo na yeye. Haya, kilizeni. Kilizeni apande!"

Kipanga akatazama viatu vyake. Tindwa akabonyeza kompyuta, na ukutani kioo kikawa kijani.

Mimi hakuna aliyenipa ishara. Nilisimama mwenyewe, nikamgeukia yule binti, nikampigia makofi. Makofi ya mvua, yale ya Kiongozi peke yake, kwa nguvu zangu zote, machozi yananitoka.

Waziri akainuka, akafunga kifungo cha koti, akapunga mkono kushukuru.